Maswali ya wasomaji: Slaidi zinazosomeka hadi safu ya nyuma

Barua za mara hii zimetoka kwa wahandisi, watafiti na wanafunzi wanaojiandaa kutoa mada kwenye makongamano ya kiufundi. Tumeanza na swali ambalo majibu mengine yote yanalitegemea.

SWALI: Ndugu mhariri, kila ninayemuuliza kuhusu ukubwa wa herufi ananipa namba yake. Mmoja anasema pointi 18, mwingine 24, mwingine 30. Mwenzangu anayeandaa slaidi kwa Beamer (zana ya kutengeneza slaidi kwa LaTeX) anasema 11 zinamtosha kabisa. Nimsikilize nani?
Mhandisi wa mitandao

JIBU: Wote wanaweza kuwa sahihi, kwa sababu pointi peke yake haisemi kitu mpaka ujue slaidi yenyewe ina kimo gani. Slaidi ya PowerPoint ya 16:9 ina kimo cha inchi 7.5, yaani pointi 540. Ya Google Slides ina inchi 5.625, yaani pointi 405. Ya Beamer, ikiwa umeiacha kwenye umbo lake la 4:3, ina milimita 96, ambazo ni kama pointi 272. Zikifika kwenye skrini ya ukumbi, zote hutanuliwa zijaze skrini ileile. Kwa hiyo pointi 24 za PowerPoint ni sawa na 18 za Google Slides, na zile 11 za mwenzako ni karibu 22 za PowerPoint. Kumbe hamkuwa mnapingana sana.

Achana na pointi, fikiria asilimia ya kimo cha slaidi. Maandishi ya kawaida yawe asilimia 4.5 hadi 5.5, kichwa cha slaidi asilimia 6 hadi 7. Kwenye PowerPoint hiyo ni pointi 24 hadi 30 kwa maandishi na 32 hadi 38 kwa kichwa. Namba za grafu na maelezo madogo yasishuke chini ya 18.

Sababu yake ni jicho. Chukua ukumbi ambao mtu wa mwisho ameketi mita 20 kutoka kwenye skrini yenye kimo cha mita 2. Herufi kama a au x huchukua karibu nusu ya ukubwa wa fonti. Ukiandika kwa pointi 24, herufi hiyo inakuwa na pointi 12 kati ya 540, sawa na sentimita 4.4 pale ukutani, na kwa mtu wa mita 20 inachukua dakika 7.6 za pembe (dakika moja ni sehemu ya sitini ya digrii). Jicho lenye afya hutambua herufi kwa shida ikiwa dakika 5. Ukishuka hadi pointi 12, herufi ileile inabaki na dakika 3.8. Mtu huyo hasomi tena, anaona michirizi ya kijivu.

Unaweza kujipima bila kwenda ukumbini. Katika mfano huu umbali ni mara 10 ya kimo cha skrini. Pima kwa rula kimo cha skrini ya kompyuta yako, zidisha kwa 10, rudi nyuma umbali huo. Kwa kompyuta mpakato ya inchi 14 ni kama mita 1.75. Usijisomee mwenyewe, maana maneno uliyoyaandika unayajua kwa moyo na jicho lako litakudanganya. Mwite mtu ambaye hajaziona akusomee kwa sauti.

Zima pia kile kipengele cha programu kinachopunguza herufi chenyewe maandishi yakizidi kisanduku. Unaongeza sentensi moja, fonti inashuka kutoka 28 hadi 22 bila kukuambia. Maandishi yakifurika, gawa slaidi iwe mbili.

SWALI: Nikipunguza maneno kwenye slaidi nasahau la kusema. Tena kongamano linataka tuwaachie washiriki slaidi, na zikiwa na maneno machache hawataelewa kitu baadaye. Nifanyeje?
Mtafiti wa shahada ya uzamivu

JIBU: Unaitaka slaidi moja ifanye kazi tatu: ikukumbushe, iwaonyeshe waliopo, iwafundishe wasiokuwepo. Itaharibu zote. Vikumbusho viweke kwenye sehemu ya madokezo chini ya slaidi, ambayo unaiona wewe tu wakati wa kuzungumza. Maelezo ya baadaye yaandike kwenye hati ya kurasa mbili au tatu, au chapisha slaidi pamoja na hayo madokezo kama PDF. Slaidi yenyewe ibaki ya walio ukumbini.

Mtu akisoma kimya humaliza kabla yako, na wakati anasoma hakusikilizi. Ukitupa vitone vinane kwa mpigo, kwa sekunde kadhaa unazungumza peke yako.

Kinachosaidia kuliko kingine chochote ni kubadilisha kichwa kutoka jina la mada kuwa sentensi kamili inayodai jambo. Badala ya «Matokeo ya jaribio la akiba», andika «Akiba imeshusha muda wa kujibu kutoka milisekunde 180 hadi 45» (akiba hapa ni cache, hifadhi ya muda ya kompyuta). Chini yake weka grafu inayothibitisha dai hilo, na maneno machache mno. Sentensi isizidi mistari miwili. Ukishindwa kuandika dai la slaidi, mara nyingi ni kwa sababu slaidi hiyo haina jambo, au ina mawili. Kisha soma vichwa tu, kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho. Vikisomeka kama hoja inayosonga mbele, mpangilio wako uko sawa.

SWALI: Slaidi zangu zina mandhari nyeusi. Kwenye kompyuta zilipendeza sana, ukumbini maandishi ya kijivu yakapotea kabisa. Tatizo ni projekta mbovu?
Msanifu wa mifumo

JIBU: Projekta inaweza kuwa nzima kabisa. Hakuna projekta inayotupa mwanga mweusi. Sehemu «nyeusi» ya slaidi ni mahali ambapo projekta imejizuia kutupa mwanga, na weusi wake ni ule wa kitambaa cheupe chini ya taa za ukumbi, yaani kijivu. Kompyuta yako haina tatizo hilo, ndiyo maana inakudanganya.

Tofauti ya mwanga kati ya maandishi na mandhari hupimwa kwa uwiano. Kanuni za WCAG za kurasa za wavuti zinataka angalau 4.5:1 kwa maandishi ya kawaida na 3:1 kwa makubwa. Kijivu chenye namba #767676 juu ya nyeupe kinapata 4.54:1 kwenye kikokotoo cha uwiano huo, kwa hiyo kinafaulu. Sasa washa taa za ukumbi mpaka mwanga unaofika kwenye skrini uwe moja ya tano ya weupe wa projekta. Nyeusi juu ya nyeupe, ambayo kikokotoo kiliipa 21:1, inaporomoka hadi 6:1. Kijivu chetu kinabaki na kama 3:1. Ukianza na 4.5 huna akiba ya kupoteza, kwa hiyo anzia 7:1 kwenda juu, na kwa maandishi muhimu tumia nyeusi au kitu kinachoikaribia.

Ukiwa hujui ukumbi utakuwaje, chagua maandishi meusi juu ya mandhari nyeupe au inayokaribia nyeupe. Mandhari nyeusi ifae pale tu unapojua kwa hakika kwamba taa zitazimwa, au skrini yenyewe ni ya LED, inayotoa mwanga wake yenyewe.

Jihadhari na rangi kali zinazovutia kwenye kompyuta. Njano juu ya nyeupe ni 1.07:1, karibu haipo. Kijani kikali cha #00FF00 juu ya nyeupe ni 1.37:1. Bluu safi juu ya nyeusi inakaza macho, lakini ni 2.44:1 tu.

Halafu kuna wasiotofautisha nyekundu na kijani. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini ni karibu mwanamume 1 kati ya 12. Kwingine ni wachache zaidi, lakini hakuna ukumbi mkubwa unaoweza kuhesabu kwamba hawamo. Wajapani wawili, Masataka Okabe na Kei Ito, walipanga seti ya rangi inayowafaa hata hao: bluu #0072B2, chungwa #E69F00, nyekundu ya machungwa #D55E00, kijani #009E73 na nyinginezo. Zitumie kwa uangalifu: ile bluu ina zaidi ya 5:1 juu ya nyeupe na inaweza kuandikia, ila chungwa ina 2.25:1 tu, iache kwa nguzo na mistari minene. Na rangi isibebe maana peke yake. Mstari mmoja uwe mzima, mwingine wa vipande, na jina la kila mmoja liandikwe pembeni yake.

SWALI: Mada yangu haiwezi kueleweka bila kuonyesha msimbo. Nilipiga picha ya kihariri changu nikaibandika kwenye slaidi, kwenye mazoezi wenzangu wakasema hawaoni kitu. Kuna kipimo?
Mwandaaji wa programu

JIBU: Kipo, na kinatokana na hesabu nyepesi. Slaidi ya PowerPoint ina upana wa pointi 960. Toa ukingo wa pointi 48 kila upande, zinabaki 864. Katika fonti nyingi ambazo herufi zote zina upana mmoja, kila herufi huchukua asilimia 60 ya ukubwa wa fonti. Kwa pointi 24 ni pointi 14.4. Gawanya: herufi 60 kwa mstari. Kwa kimo, toa pointi 90 za kichwa na 90 za chini, zinabaki 360. Kila mstari ukichukua 28.8, inaingia mistari 12. Basi mpaka wako ni mistari 12 ya herufi 60. Kihariri chako huenda kilikuwa na mistari 45 ya herufi 120, na hakuna projekta itakayoiokoa.

Kupata hiyo 12, kata bila huruma. Ondoa mistari ya kuingiza maktaba, ushughulikiaji wa makosa na kumbukumbu za mfumo, isipokuwa kama ndizo mada. Palipokatwa weka nukta tatu ili msikilizaji ajue pana kitu. Punguza mwingizo wa mistari kutoka nafasi 4 hadi 2. Mstari mrefu uvunje wewe mwenyewe baada ya mkato, usingoje programu iuvunje katikati ya jina la kigezo.

Bandika msimbo kama maandishi. Picha huja na mandhari ya kihariri chako, na mandhari nyingi za vihariri hufifisha maoni ya msimbo hadi kijivu hafifu, wakati pengine maoni hayo ndiyo unayotaka yasomwe. Rangi mbili au tatu zinatosha.

Hapa ndipo wengi hukwama: masahihisho ya kiotomatiki. Programu za slaidi hugeuza alama za nukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda, huunganisha vistari viwili kuwa kistari kimoja kirefu, na hukuza herufi ya kwanza ya mstari. Amri iliyoandikwa `--force` inageuka `—force`, na anayeinakili kutoka kwenye PDF yako anapata kosa asilolielewa. Zima vyote vitatu kabla ya kubandika, kisha nakili amri kutoka kwenye slaidi iliyokamilika na uiendeshe kweli.

Ukitaka kuelekeza macho, rudufu slaidi. Ya kwanza ionyeshe msimbo wote kwa uzito mmoja. Ya pili, mistari unayoizungumzia ibaki nyeusi na mingine iwe ya kijivu. Ya tatu, vivyo hivyo kwa mistari inayofuata. Rudufu slaidi nzima badala ya kubandika upya, ili msimbo usisogee hata kidogo; ukiruka, macho yote ukumbini yanaanza kutafuta upya. Kalamu ya mwanga haichukui nafasi ya hili. Nukta yake hutetemeka mkononi, na anayefuatilia kwa intaneti haioni kabisa.

SWALI: Grafu zangu nimezitoa moja kwa moja kwenye makala niliyochapisha. Kwa nini zinaonekana hafifu, ilhali kwenye karatasi ni safi?
Mchambuzi wa data

JIBU: Kwa sababu zilichorwa kwa msomaji aliye na karatasi sentimita 40 kutoka usoni, mwenye muda wa kuirudia. Matplotlib, maktaba ya Python ya kuchora grafu, usipoielekeza huchora picha ya inchi 6.4 kwa 4.8, maandishi ya pointi 10. Inyooshe ijaze nafasi yote iliyo chini ya kichwa, tuseme kimo cha inchi 5: namba za mihimili zinafika pointi 10.4. Hiyo ni chini ya asilimia 2 ya kimo cha slaidi, na tumeona juu jicho linasemaje.

Chora upya. Weka `figsize=(11, 5)`, `font.size` iwe 20, `lines.linewidth` iwe 3. Hifadhi kwa PNG yenye `dpi=200`, upate pikseli 2200 kwa 1000, kisha iweke kwenye slaidi kwa ukubwa uleule wa inchi 11 kwa 5. Ukiivuta pembe kuipunguza, namba zinapungua nayo na kazi yote imepotea. SVG, aina ya picha isiyopoteza ubora ikikuzwa, ni bora zaidi kwa PowerPoint za sasa, ila Google Slides haiipokei. JPEG iache kwa picha za kamera. Kwenye grafu huacha vumbi pembeni mwa herufi.

Kisha angalia kilichomo ndani. Kisanduku cha maelezo chenye majina ya mistari humlazimisha mtu aende kwenye kisanduku, akariri rangi, arudi kwenye mstari, asahau. Andika jina mwishoni mwa kila mstari, kwa rangi ya mstari huo ikiwa ina nguvu ya kusomeka. Mistari ikizidi minne, mmoja au miwili unayoizungumzia iwe na rangi, mingine yote kijivu. Picha ya makala yenye vipande (a) hadi (f) igawe iwe slaidi sita, au, kwa kweli, chagua viwili.

Kila mhimili uwe na jina na kizio. «Muda» hautoshi, andika «Muda wa kujibu (milisekunde)». Grafu ya nguzo ianzie sifuri, maana jicho linalinganisha urefu wa nguzo, na ukikata chini unabadilisha uwiano. Ukitumia mhimili wa logariti, useme kwa mdomo na uuandike. Vistari vya makosa navyo vielezwe: ni mkengeuko sanifu, kosa sanifu au kipindi cha imani? Vitu hivyo vitatu hutoa urefu tofauti sana kwa data ileile, na kwenye kipindi cha maswali hapatakosekana wa kuuliza.

Kwa ramani za joto, yaani grafu zinazoonyesha thamani kwa rangi, kimbia zile rangi za upinde wa mvua. Mwangaza wake hupanda na kushuka, hivyo hutengeneza mipaka ambayo haimo kwenye data. Matplotlib yenyewe iliacha jet, seti yake ya upinde wa mvua, kama chaguo la kuanzia ikachukua seti ya viridis katika toleo la 2.0 mwaka 2017. Mwangaza wa viridis hupanda kwa mfululizo toka mwanzo hadi mwisho.

Jambo moja la ukumbini: onyesha kwanza mihimili mitupu, useme mlalo ni nini na wima ni nini, na «upande upi ni mzuri». Ndipo ulete data. Inakugharimu sekunde 10, na watu wataiona grafu yako wakiwa tayari wanajua wanachotafuta.

SWALI: Milinganyo je? Ninayo tisa.
Mwanafunzi wa hisabati tumizi

JIBU: Baki na mmoja au miwili ambayo bila hiyo hoja haisimami. Uandike kwa pointi 36 au zaidi, kila alama iwe na mshale na maneno mawili matatu ya kuieleza papo hapo. Uthibitisho upeleke kwenye slaidi za akiba baada ya ile ya mwisho, uzifungue ukiulizwa.

SWALI: Taasisi yangu inataka nembo, jina la kongamano na tarehe chini ya kila slaidi. Ni lazima?
Mhadhiri

JIBU: Omba viwekwe kwenye slaidi ya kwanza na ya mwisho tu. Ukanda wa chini ndio unaofichwa na vichwa vya walioketi mbele, kwa hiyo hata maandishi yako usiyashushe kwenye sehemu moja ya sita ya chini ya kimo. Namba ya slaidi weka, tena juu kulia na kwa herufi zinazosomeka, ili muulizaji aweze kusema «turudi slaidi ya 14». Kongamano likirekodiwa, waulize waandaaji picha ya mzungumzaji itakaa kona ipi, uiache wazi.

SWALI: Nimeshuhudia slaidi zikivurugika zilipofunguliwa kwenye kompyuta ya ukumbi: herufi nyingine, mistari imeshuka chini ya picha. Nijikinge vipi?
Mhandisi wa programu

JIBU: Fonti yako haimo kwenye kompyuta hiyo. Programu huiweka nyingine mahali pake, yenye upana tofauti, na kila mstari unavunjika mahali pengine. PowerPoint ina chaguo la kupachika fonti ndani ya faili, kwenye mipangilio ya kuhifadhi, liwashe. Pamoja na hilo, beba nakala ya PDF, ambayo hubeba fonti zake.

PDF ina mtego wake. Slaidi yenye vitu vinavyotokea kimoja kimoja hugeuka ukurasa mmoja ambapo vyote vimerundikana, na video inakuwa picha tuli. Ndiyo sababu tulisema rudufu slaidi kwa kila hatua: kila moja inakuwa ukurasa wake na PDF inafanya kazi sawasawa. Video ibebe kama faili la pembeni, MP4 ya H.264.

Umbo la skrini nalo liulize mapema. Slaidi ya 16:9 kwenye projekta ya 4:3 inatumia robo tatu tu ya kimo, mikanda mitupu juu na chini. Haivunjiki, lakini herufi zako zinakuwa na asilimia 75 ya zile ambazo zingejaza skrini hiyo. Ukijua kabla, andaa kwa 4:3 tangu mwanzo. Kubadilisha usiku wa kuamkia kikao husogeza kila kitu.

Beba adapta yako ya USB-C kwenda HDMI. Picha isipotokea, shusha ubora wa skrini ya nje hadi 1920 kwa 1080, ikigoma jaribu 1280 kwa 720, kwa kuwa projekta za zamani hukataa zaidi ya hapo. Chagua skrini ya pili ipanuliwe, isinakili ya kwanza, la sivyo madokezo yako yatasomwa na ukumbi mzima. Zima arifa na kile kinachozima skrini ikikaa kimya. Fika wakati wa mapumziko kabla ya kikao chako, fungua slaidi yenye maandishi madogo kuliko zote, tembea hadi kiti cha mwisho na uisome ukiwa umekaa. Ukishindwa, bado una dakika za kuomba taa za mbele zipunguzwe au kuigawa slaidi hiyo mara mbili.